Jiwe Lililooshwa kwa Heshima ya Waziri

Jina la nchi yetu sitaliandika hapa, kwa sababu kuliandika kunahitaji kibali, na ofisi inayotoa kibali hicho imefungwa kwa ukarabati tangu nikiwa kijana. Itoshe kusema ni nchi nzuri, yenye utulivu, na yenye Taasisi ya Taifa ya Sayari. Majirani zetu wana reli na viwanda vya dawa. Sisi tumeamua kutazama juu.

Mimi naitwa Chande. Nimekuwa mhariri wa jarida la Taasisi hiyo kwa miaka kumi na tisa. Jarida letu lina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni Habari, ambamo tunaeleza Mheshimiwa Waziri amefanya nini. Ya pili ni Nafasi za Kazi, ambamo tunatangaza kazi zilizokwisha kupata wenyewe, ili wananchi wengine wajue na wasijisumbue kuomba. Ni utaratibu wa huruma. Nimesikia kuna nchi zinazomwacha mtu aombe kazi akiwa na matumaini.

Jengo letu lina ghorofa nne. Juu kabisa yuko Mkurugenzi Mkuu, chini yake wako walinzi wake, chini ya walinzi wako watu wa itifaki, na ghorofa ya kwanza ni ya mapokezi. Utafiti uko chini ya ardhi, katika chumba kilichokusudiwa kuwa stoo ya mafagio. Darubini yetu kubwa imefungwa juu ya paa na kuelekezwa kwenye dirisha la Waziri wa Anga, Mifugo na Mambo ya Juu, ng'ambo ya barabara, ili mlinzi wa zamu aone Mheshimiwa anapoingia ofisini na kumpigia simu Mkurugenzi aamke.

Katika kile chumba cha mafagio alikuwa akifanya kazi Daktari Tunu Lihame. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwembamba, mwenye kusema polepole na kucheka kwa nadra. Ndiye mtu pekee katika Taasisi nzima aliyesomea sayari. Kwa sababu hiyo alipewa mkataba wa miezi mitatu, ukafanywa upya kila baada ya miezi mitatu kwa miaka kumi na mmoja, maana uongozi ulikuwa haujaridhika kama anafaa.

Sasa basi, siku moja, saa nane mchana, kimondo kilianguka katika shamba la karanga la mama mmoja huko Mlowoka. Wa kwanza kufika walikuwa polisi. Walikuta jiwe jeusi lenye ukubwa wa kichwa cha mtoto, bado lina vuguvugu, nalo halikuwa na hati yoyote ya kuingilia nchini. Wakalikamata. Jiwe lilikaa mahabusu siku sita, na katika kitabu cha kituo liliandikwa kwamba limekataa kutoa maelezo.

Tunu alisafiri hadi Mlowoka kwa basi, akakaa kwenye benchi la kituo siku mbili, mwishowe akakubaliwa kusaini kama mdhamini. Alilirudisha jiwe akiwa amelipakata, limefungwa ndani ya boksi kavu, na njia nzima hakumruhusu abiria yeyote kuligusa. Kondakta alimuuliza kama ni majivu ya marehemu. Akasema ndiyo, ili aachwe.

Kwa miezi saba hakuonekana sana juu ya ardhi. Kisha asubuhi moja akanipigia simu ya ndani.

"Mzee Chande, una nafasi? Njoo huku chini."

Nilimkuta amesimama kando ya hadubini, mikono ndani ya glavu, macho mekundu kwa kutolala vizuri. Akaniambia niiname nitazame. Niliona punje za rangi ya zambarau, kama chumvi ya mawe iliyosagwa, na ndani ya punje moja niliona kitone kinachong'aa. Alipogeuza kidogo kile kioo kilichobeba punje, kiputo kilichokuwa ndani ya kitone kikahama kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

"Kinatembea," nikasema.

"Ni maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya huko lilikotoka. Hayo maji ni ya zamani kuliko bahari, mzee. Kuliko ardhi unayokanyaga. Yalinaswa ndani ya chumvi, chumvi ikanaswa ndani ya jiwe, jiwe likazunguka huko peke yake mpaka likaangukia karanga za watu." Akarudisha kioo mahali pake. "Mawe ya namna hii yanayojulikana duniani unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Na hili tunalo sisi."

"Nani mwingine ameyaona hayo maji?"

"Wewe na mimi."

Nilipanda juu nikiwa na furaha, nikaandika habari. Kwa mujibu wa kanuni za jarida, ilitoka na kichwa hiki: *Mheshimiwa Waziri Agundua Maji.*

Ugunduzi wa Mheshimiwa ulihitaji mtu wa kuuendeleza, kwa hiyo ikaundwa nafasi mpya: Mtafiti Mkuu wa Mawe ya Juu. Tangazo nililichapa mimi mwenyewe. Sifa za mwombaji zilikuwa tatu: awe ameishi kwenye sayari kwa muda usiopungua miaka arobaini na miwili mfululizo, awe na sauti ya kujaza ukumbi bila kipaza sauti, na awe na dada aliyeolewa vizuri.

Tunu alilisoma tangazo hilo akiwa amesimama mlangoni kwangu.

"Nimepungukiwa miaka mitatu ya kuishi kwenye sayari," akasema.

"Na dada je?"

"Dada yangu ameolewa na fundi cherehani."

"Basi usijisumbue, Daktari."

"Nitaomba," akasema. "Lile jiwe nimelidhamini mimi."

Kamati ya usaili ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mkurugenzi Mkuu, Profesa Mshamu Kingalame, ambaye uprofesa wake alitunukiwa na Taasisi yetu katika hafla aliyoiandaa mwenyewe na ambayo ilimshtua sana. Wajumbe walikuwa Mkuu wa Itifaki na Mkuu wa Walinzi. Mimi niliandika muhtasari.

"Binti," Profesa akaanza, "hapa umeandika kwamba umeshughulika na sayari kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo umefika sayari ngapi?"

"Moja, Profesa. Hii."

"Moja." Akaandika. "Na hii ulikuja kikazi, au umezaliwa tu hapa?"

"Nimezaliwa hapa."

"Kwa hiyo hata hiyo moja hukuifikia kwa juhudi zako."

Mkuu wa Itifaki akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mkuu wa Walinzi akauliza kama jiwe lina ndugu zake wengine humu nchini, na kama wapo, wanaishi wapi. Tunu akajibu kwamba hajui, huenda vipo vipande vingine vilivyoangukia porini. Mkuu wa Walinzi akaandika neno *porini*, akalipigia mstari chini, na wiki iliyofuata kikosi kikapelekwa.

Baada yake aliingia Bwana Fikirini Dosa. Nchi nzima ilimjua. Alikuwa mshereheshaji wa harusi, mtu mnene mwenye suti ya rangi ya maziwa, na dada yake ndiye mke wa Mheshimiwa Waziri. Alikuwa na miaka arobaini na miwili kamili, aliyoiishi yote kwenye sayari bila kukatiza.

"Bwana Dosa, sayari iliyo kubwa kuliko zote ni ipi?"

Fikirini akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Waheshimiwa, mimi ni nani hata nipange ukubwa? Kubwa kuliko zote ni ile atakayoiteua Mheshimiwa Waziri kwa wakati atakaoona unafaa!"

Kamati ilisimama ikapiga makofi. Muhtasari wangu unaonyesha kwamba makofi yalidumu kwa dakika nne, ingawa usaili ulipangiwa tatu.

Siku aliyoripoti kazini, Fikirini alishuka hadi chumba cha mafagio. Nilikuwapo, nimefuata maelezo ya picha. Alibisha hodi, jambo ambalo viongozi wetu hawalifanyi, akabaki mlangoni akifuta jasho la shingoni.

"Dada Tunu, shikamoo."

"Usiniamkie shikamoo, kaka Fikirini, umenizidi umri."

"Nimekuzidi umri tu, dada. Naomba uniambie, lakini usinicheke. Sayari ziko ngapi?"

"Nane."

"Na ile ndogo ya mwisho tuliyoimba shuleni?"

"Ilitolewa."

Fikirini akashtuka. "Ilimkosea nani?"

Kwa mara ya kwanza katika mwezi ule nilimwona Tunu akicheka. Akamvutia kiti. Akamweleza kuhusu jiwe, chumvi, na maji yaliyo ndani ya chumvi, na kwa nini halishikwi kwa mkono mtupu, na kwa nini linakaa kwenye boksi lisiloingia hata unyevu wa pumzi. Fikirini alisikiliza akiwa ameshika magoti kama mtu aliye kanisani. Alipoondoka alisema, "Mimi nilidhani ni kazi ya kusherehesha tu." Lakini hakuiacha.

Ukawadia wakati wa Kongamano Kuu. Wageni kutoka nchi kumi na nne walialikwa kuja kumwona Mheshimiwa akiwa karibu na maji yake. Tunu aliandika barua tatu akiomba awepo jiwe litakapohamishwa. Mkuu wa Itifaki alimjibu kwamba jina lake limo tayari katika orodha: amepangiwa kuwavisha wageni maua mlangoni.

Siku mbili kabla ya Kongamano, Profesa Kingalame aliteremsha walinzi wakalichukua boksi. Tunu alikuwa mjini, ameitwa kwenye semina ya lazima ya jinsi ya kushika ua. Profesa alilifungua boksi mezani kwake, akalitazama jiwe lile jeusi, lenye ganda lililoungua, akaghadhibika.

"Limejaa masizi namna hii? Tumwonyeshe Mheshimiwa kitu kilichotoka jikoni?"

Nilikuwa mle ofisini na rasimu ya hotuba. Ningeweza kusema neno. Badala yake nilimuuliza kama hotuba ianze na "Mheshimiwa" mara tatu au nne.

Tunu aliporudi adhuhuri, nilikuwa naye kule chini, natafuta namna ya kumwambia. Fikirini akanitangulia. Aliteremka ngazi akihema, amevua koti.

"Dada, wameliosha."

"Wameosha nini?"

"Jiwe. Nimekuta wameshamaliza. Mimi sikushika kitambaa, dada, naapa."

Sijawahi kumwona mtu akipanda ghorofa nne kwa kasi ile. Mimi na Fikirini tulimfuata na kufika tukiwa tumechoka, tukamkuta amesimama mbele ya meza ya Profesa. Jiwe lilikuwa juu ya taulo, rangi ya kijivu, limekwanguliwa kwa waya wa kusugulia masufuria hadi kwenye nyama, likinukia sabuni ya unga.

"Mmelitia maji?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Maji ya moto," akasema Profesa. "Sisi si washenzi."

"Yale maji ya zamani yalikuwa ndani ya chumvi, Profesa. Chumvi huyeyuka. Mtoto wa darasa la tatu anajua chumvi huyeyuka."

"Binti, kama shida yako ilikuwa maji, ungesema mapema. Hapo tumetumia ndoo mbili nzima."

Tunu akaomba aonyeshwe ndoo. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagwa kwenye bustani ya mapokezi, kwenye maua yale yale ambayo angewavisha wageni. Alishuka hadi bustanini, akapiga magoti kwenye udongo mbele ya kila mtu, akachota tope kwa kiganja, akalitazama, kisha akalirudisha. Alikaa pale muda mrefu. Nilisimama karibu naye.

"Ulikuwepo, mzee Chande?" akauliza bila kugeuka.

"Nilikuwa napita," nikasema.

Kongamano lilifana. Jiwe lilikuwa limepakwa rangi za bendera na kupigwa vanishi mara mbili, likawekwa juu ya mto wa mahameli. Fikirini alisherehesha kwa sauti iliyojaza ukumbi bila kipaza sauti. Alilitambulisha jiwe kama bibi harusi. Aliwainua wageni, akawakalisha, akawainua tena. Mheshimiwa Waziri alizungumza kwa saa mbili na akasema mbingu ni mali ya wenye nidhamu.

Kisha wageni wakaalikwa kusogea. Wa kwanza alikuwa Profesa Imakulata Nzeyimana, mama wa miaka sitini na ushei kutoka nchi jirani, ambaye maisha yake yote alikuwa akitafuta mawe ya namna hii. Alikuja na kioo chake cha kukuzia mfukoni. Aliinama, akatazama, akajinyoosha taratibu.

"Nani ameliosha?" akauliza.

Mheshimiwa Waziri akadhani anapongezwa. Akaweka mkono kifuani.

"Yalikuwa maelekezo yangu," akasema.

Yule mama akatoa leso akafunika uso, mabega yakawa yanatikisika. Jarida letu liliripoti kwa usahihi: *Mgeni Ashindwa Kuzuia Machozi Mbele ya Mafanikio.*

Akitoka nje alisimama mbele ya yule aliyemvisha ua asubuhi, akasoma kitambulisho chake cha kifuani.

"Lihame? Wewe ndiye Lihame uliyeniandikia kuhusu kile kiputo?"

Kabla Tunu hajajibu, Profesa Kingalame akaingia katikati. "Huyu ni wa idara ya maua, Profesa. Magari yako upande huu."

Mama Imakulata hakwenda kwenye magari. Alimshika Tunu mkono, wakasimama hivyo mpaka walinzi wakaanza kuwahesabia sekunde kwa sauti.

Juma lililofuata ikaja barua kutoka nchi jirani, imesainiwa na wataalamu kumi na mmoja, ikiuliza kwa adabu jiwe la Mlowoka limepatwa na nini. Nchi yetu haiogopi maswali. Iliundwa Kamati ya Ukweli chini ya Profesa Kingalame na wajumbe wale wale wawili wa usaili, ikapewa siku moja.

Kamati ililipima jiwe. Haikupata chumvi. Haikupata maji. Ikahitimisha kwamba kwa kuwa jiwe halina chumvi wala maji, basi halikuwahi kuwa navyo, na kwa hiyo kuna mtu aliyelidanganya Taifa. Mheshimiwa Waziri hakuwa amegundua chochote. Alikuwa amegunduliwa na waongo.

Tunu aliitwa mbele ya Kamati. Hakulia na hakupandisha sauti. Alieleza mambo yote mwanzo hadi mwisho, akaonyesha picha alizopiga kupitia hadubini. Mkuu wa Itifaki alizigeuza juu chini, akasema hata yeye anaweza kupiga picha ya sukari.

"Una shahidi?" Profesa akauliza. "Yupo mtu mwingine aliyeyaona hayo maji?"

"Yupo," akasema Tunu. "Mzee Chande aliyaona."

Nilikuwa kwenye kona yangu, naandika muhtasari. Kalamu ikasimama. Watu watatu wale wakanigeukia, na Tunu akanigeukia pia. Macho yake hayakuwa yakiomba chochote. Alikuwa anasubiri tu, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kufungua mlango.

"Bwana Chande," Profesa akasema kwa upole sana, "umebakiza miaka mingapi ustaafu?"

"Miwili, Profesa."

"Uliona maji?"

Nilikumbuka kile kiputo kikihama ndani ya kitone. Nakiona hadi leo nikifumba macho. Nikasema, "Macho yangu ni ya utu uzima, Profesa. Huenda niliona kope yangu."

Tunu akakusanya picha zake moja moja, akazipanga sawasawa, akazirudisha kwenye bahasha. Mkataba wake haukufanywa upya. Nilichapa Masahihisho ukurasa wa kwanza, na kwenye Nafasi za Kazi nikatangaza kazi ya mlinzi wa chumba cha mafagio, ambayo ilikwisha kupata mwenyewe.

Fikirini alimletea Tunu nyumbani keki iliyobaki ya Kongamano. Tunu hakumfungulia mlango. Baadaye Fikirini alipandishwa cheo akawa Mtafiti Mkuu wa Mambo Yote, na nasikia huwa anaamka akiwa na maumivu ya tumbo ambayo madaktari hawayajui.

Mwezi mmoja ukapita, kisha Tunu akaja kwangu nyumbani na jarida la nchi jirani mkononi. Alikuwa ametumiwa na mama Imakulata. Akaniwekea kidole kwenye tangazo moja. *Anatakiwa mtafiti wa vimondo. Sifa za mwombaji: awe anaijua kazi.*

Nililisoma mara mbili. Nikageuza nyuma kuona kama kuna ukurasa umechomoka.

"Sifa nyingine ziko wapi?" nikauliza.

"Hakuna nyingine."

"Ni mtego, Daktari."

"Wamenijibu. Naondoka Jumatatu." Akakunja jarida. "Nina mabegi mawili na mgongo wangu mbovu. Sina mwingine wa kumwomba, mzee. Utanisindikiza mpakani?"

Nikasema nitamsindikiza. Safari ilichukua asubuhi yote. Tulikaa viti vya nyuma, na katikati ya safari nikaona lazima niseme jambo.

"Siku ile mbele ya Kamati," nikaanza.

"Unakumbuka rangi yake?" akanikatiza.

"Rangi ya nini?"

"Ya zile punje."

"Zambarau," nikasema. "Zambarau ya kufifia."

"Na kiputo kilihama kwenda upande gani?"

"Kushoto kwenda kulia."

Akatikisa kichwa, akageukia dirishani hadi tunafika. Sikujua kama nimesamehewa au nimehukumiwa. Nilijua tu kwamba sikuwa nimesema maneno ya kweli kiasi kile kwa miaka kumi na tisa.

Mpakani kuna kibanda cha bati na meza mbili. Kwenye meza ya kwanza walimpekua mabegi. Walizuia kioo chake cha kukuzia kwa sababu kinakuza, na kalamu moja nyekundu. Kwenye meza ya pili alikuwa ofisa kijana, nadhifu, mwenye daftari kubwa.

"Unakwenda kufanya kazi nje?"

"Ndiyo."

"Kazi inayotumia elimu?"

"Ndiyo."

"Elimu hiyo uliipata wapi?"

"Hapa, na kwa kujisomea."

"Basi ni mali ya Taifa," akasema ofisa, wala hakusema kwa ubaya. "Hairuhusiwi kuvuka. Unaweza kuiacha hapa ukapewa risiti, au ujaze fomu namba kumi na sita."

Fomu namba kumi na sita ilikuwa na mstari mmoja tu: *Mimi niliyesaini hapa chini natamka kwamba kichwani mwangu hamna kitu.*

Tunu aliisoma. Nikaona mdomo unamcheza. Kisha akacheka, kicheko kikubwa kutoka tumboni, hadi watu wa foleni wakageuka, akacheka mpaka machozi yakamtoka na sikuweza kujua tena ni machozi ya nini.

"Mzee Chande," akasema akijifuta, "ningeisaini hii miaka kumi na mmoja iliyopita, leo ningekuwa Mkurugenzi Mkuu."

Akasaini. Ofisa akagonga muhuri. Tunu alinishika mkono kwa muda mfupi, kama anavyoshikwa mtu wa makamo aliye mgonjwa, akainua mabegi yake mwenyewe, mgongo mbovu na yote, akapita kizuizi. Upande wa pili nilimwona mama Imakulata, amesimama juani bila mwavuli, akimsubiri. Walikumbatiana. Sasa nasikia ana chumba chenye madirisha, na kwamba polisi wa kule wakiona jiwe limeanguka humpigia simu yeye kwanza. Jiwe la Mlowoka hakulipata. Liko kwenye kabati la kioo mapokezi kwetu, na kila mwaka siku ya Taifa hupigwa vanishi upya.

Lakini siku ile nilibaki nimesimama mbele ya meza ya pili, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata taratibu, nikaona si vizuri kuondoka hivi hivi.

"Afande," nikamwuliza, "na mimi nijaze fomu?"

Yule kijana alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kwa heshima zote.

"Wewe si unabaki, mzee?"

"Nabaki."

"Wanaobaki hatuwasumbui na fomu," akasema, akafunga daftari lake. "Tunawajua."

Nikamshukuru kwa huduma nzuri, nikapanda basi la kurudi, maana jarida lilikuwa linatakiwa mtamboni Jumatano.